WATOTO WA LAGANGABILILI NA MTIHANI WA HISABATI

Kila mwaka, mvua zinapoelekea ukingoni na pamba ikianza kupasuka mashambani, vijana wa kidato cha sita huingia katika chumba cha mtihani wa taifa. Mwezi wa Mei ndio mwezi wao. Huko Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Mei ndio mwezi ambao kwa kawaida msimu wa kununua pamba hufunguliwa, na mzazi ambaye kwa miezi mingi hakuwa na senti mfukoni ndipo anapoanza kutazamia fedha. Mtoto yuko kwenye karatasi. Baba na mama wako kwenye mzani. Twataka leo kusema juu ya mambo haya mawili kwa pamoja, kwani hayako mbalimbali kama wengi wanavyodhani.

Wazee wa Usukuma watakumbuka, na vijana yafaa waambiwe, kwamba vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilizaliwa na ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi akasoma ratili, mkulima akapokea alichopewa na kurudi nyumbani akinung'unika. Alijua ameibiwa, lakini hakuweza kusema ameibiwa kiasi gani. Ndipo wakulima walipochanga fedha zao wakaajiri wapimaji wao wenyewe, watu wawezao kusoma mzani na kuandika tarakimu, wasimame vituoni na kusema ukweli. Kutokana na kazi hiyo, chini ya uongozi wa watu kama Marehemu Paul Bomani, vikaota vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la ushirika lililojulikana kote kwa jina la Victoria. Huyo Bomani ndiye baadaye, mwaka 1962, aliyekabidhiwa Wizara ya Fedha ya nchi huru. Basi asitokee mtu akasema kwamba hesabu ni mambo ya darasani tu.

Mizani ya leo ni mingine. Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu wanalijua vema neno kikokotoo. Mwaka 2018 zilipotangazwa kanuni mpya za mafao, zikasitishwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2022 zilipokuja nyingine zilizoweka mkupuo wa asilimia 33. Na mwaka 2024 Serikali ilipopandisha kiwango hicho kwa waliokuwa wameathirika, nchi nzima ilizungumza. Maofisini, viwandani na mashuleni watu walibishana juu ya moja chini ya 580, juu ya wastani wa mshahara, juu ya 12.5. Lakini twauliza kwa heshima: ni wangapi kati ya waliobishana walioweza kuchukua kalamu na kukokotoa haki yao wenyewe, bila kungojea kuambiwa na afisa wa mfuko? Si wengi. Yule mkulima wa mwaka 1950 na mtumishi wa mwaka 2022 walikuwa na shida moja.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba Hisabati ya juu ni anasa kwa mtoto wa mkulima. Wasema, "Hizo seti na vekta zitamlisha nani?" Basi natuwape mfano mmoja kutoka katika mada ambazo vijana hawa wanafundishwa. Tuseme mkulima ana ekari 10 na nguvu ya siku 240 za kazi katika msimu. Ekari ya pamba inataka siku 30 na kumwachia faida ya shilingi 250,000. Ekari ya mahindi inataka siku 20 na kumwachia shilingi 200,000. Alime nini? Akilima pamba peke yake, nguvu zake zitamwishia kwenye ekari ya 8, naye atapata shilingi 2,000,000. Akilima mahindi peke yake ekari zote 10, atapata shilingi 2,000,000 zilezile. Lakini akilima ekari 4 za pamba na 6 za mahindi, siku zake 240 zitatosha barabara, hakuna ekari itakayolala, na faida yake itakuwa shilingi 2,200,000. Kijana wa kidato cha tano huchora mistari miwili juu ya karatasi na kuipata pembe hiyo kwa dakika chache. Laki mbili hizo hazikutoka katika mbolea wala katika mvua.

Ndugu zetu wasomaji wanajua jinsi kidato cha nne kilivyo kichujio kikali. Kwa miaka mingi sasa watahiniwa wanaofaulu Hisabati katika mtihani huo hawafiki hata theluthi moja. Kwa hiyo kijana anayepokewa kidato cha tano kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati, au Uchumi, Jiografia na Hisabati, amekwisha kupita katika mlango mwembamba. Laiti ungekuwa wa mwisho! Akiingia tu anakutana na somo ambalo halifanani na lile aliloliacha. Kidato cha nne alitafuta thamani ya herufi moja. Sasa anaambiwa kwamba ipo namba ambayo kipeo chake cha pili ni hasi moja, na kwamba ajifunze kuijumlisha, kuizidisha na kuichora. Anaelezwa hayo kwa Kiingereza, lugha ambayo hakufundishiwa shule ya msingi na ambayo haisikii nyumbani, ambako husemwa Kisukuma na Kiswahili. Mara nyingi mwalimu wa somo ni mmoja, naye ana vidato vingine vya kufundisha. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo, na kile kitabu kikuukuu cha Backhouse bado kinapita mkono kwa mkono kikiwa kimeng'oka jalada. Lakini kitabu kimoja kwa vijana wengi usiku wa kuamkia jaribio ni ugomvi, si kitabu.

Mkoa wa Simiyu haukukaa kimya mbele ya shida hii, nasi twaona ni haki usifiwe. Mkoa wenyewe ulikuwa mchanga, umezaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, mwaka uleule ambao Itilima ilimegwa kutoka Bariadi na kuwa wilaya. Miaka michache baadaye, Ndugu Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa, Simiyu ilijulikana nchi nzima kwa makambi ya kitaaluma. Wanafunzi wa vidato vya mitihani walikusanywa mahali pamoja, walimu mahiri wa ndani na nje ya mkoa wakaitwa, na mada zilizoshindikana zikafundishwa upya. Mikoa mingine ilikuja kutazama na kuiga. Fikra ya kambi ilikuwa ya ujamaa hasa: kwamba mwalimu bora wa vekta asiwe mali ya shule moja.

Pamoja na sifa hizo, tungependa kusema jambo moja ambalo huenda lisipendeze. Kambi haiwezi kuwa mahali pa kuanzia. Mwanafunzi ambaye mwaka wote wa kidato cha tano hakupata mwalimu wa zile hesabu za mabadiliko, zile ambazo wenyewe huziita difrensheni na integresheni, hawezi kuzipata katika majuma manne ya Machi au Aprili, hata akifundishwa na malaika. Kitu anachokipata huko ni kukariri. Tumewaona vijana wakibeba mabunda ya mitihani iliyopita na kuyameza kama dawa ya malaria. Mtu aliyekariri jibu la swali la mipira myekundu na myeupe ndani ya mfuko hutaharuki mtahini anapoandika taa nzima na taa mbovu ndani ya sanduku, kumbe uwezekano ni uleule na hesabu ni ileile. Baraza la Mitihani, ambalo tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 halikosi watu wenye akili, hubadili mipira kuwa taa kila mwaka.

Mitihani iliyopita ina kazi yake, wala hatusemi itupwe. Inamfundisha kijana saa. Katika muundo uliotumika kwa miaka mingi, karatasi ya kwanza ilikuwa na maswali 10 kwa saa tatu, yaani dakika 18 kwa kila swali. Karatasi ya pili ilikuwa na maswali manne ya lazima yenye alama 60 na mengine manne ambayo mtahiniwa huchagua mawili yenye alama 40. Aliyeng'ang'ania swali moja kwa dakika 50 kwa sababu ya kiburi ametoa zawadi ya maswali mawili. Inamfundisha pia vitu vidogo vinavyoua. Yuko anayeazima kikokotoo usiku wa kuamkia mtihani, akakiacha kikisoma pembe kwa nyuzi mahali palipotakiwa radiani, akapata majibu ya uongo tangu swali la kwanza akiwa na hakika kabisa kwamba ni ya kweli. Kosa hilo halitokani na uvivu. Mtoto hakuwa na chombo chake mwenyewe, basi.

Mtaala mpya uliingia kidato cha tano mwaka 2024, pamoja na tahasusi nyingi zaidi kuliko zile za zamani. Ni jambo jema, maana sasa kijana anaweza kuchanganya masomo kwa namna ambayo hapo kwanza haikuruhusiwa. Lakini twaona hatari yake. Milango ikiwa mingi, wazazi na hata baadhi ya walimu watawashauri watoto wapite penye wepesi, na Hisabati itakimbiwa na wale wenye uwezo nayo. Zaidi ya wote watashauriwa hivyo wasichana. Msichana wa Itilima akisema anataka kusoma Hisabati ya juu, bado wapo watu wazima wa kumcheka, na hilo twalishutumu bila kuuma maneno. Kidato cha sita si mahali pa kumpeleka mtu kwa kipimo cha aibu ya majirani.

Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi wawili tu. Tumekwenda mbali tangu siku hizo. Hata hivyo, bwawa la Rufiji lenye jina lake, la megawati 2,115, lilijengwa na makampuni ya Misri, na reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, ilikabidhiwa makampuni ya China. Hatuwalaumu wageni kwa kujua kazi yao. Twasema tu kwamba kijana wa Lagangabilili atakayekuja kusimamia kazi ya namna hiyo baada ya miaka 15 anapita katika karatasi hizihizi mbili, na kwamba njia yake imesafishwa kuliko ilivyokuwa kwa kaka zake: tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa, na mwaka huohuo ulianzishwa ufadhili wa Rais Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi na kwenda vyuo vikuu kusoma sayansi, uhandisi, tiba na hesabu.

Ada imekwisha, lakini gharama hazijaisha. Pana chakula cha kambi, karatasi za majaribio ya kila wiki, mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na hicho kikokotoo tulichokisema. Mambo haya hayangoji bajeti. Wazazi wa Itilima ni watu wa kuchanga. Walichanga wapimaji wa mizani zamani wakati hakuna aliyewaamrisha. Twawaomba wakubaliane mapema, katika mikutano ya vijiji na katika vyama vyao vya ushirika, kwamba fedha ya pamba itakapolipwa, sehemu yake iwekwe kwa ajili ya kidato cha tano kinachoingia Julai, si kwa ajili ya kidato cha sita kinachotoka Mei. Anayeanza ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Twawaomba pia wasiwaite nyumbani kuchuma pamba vijana walio katika majuma ya mwisho ya maandalizi. Pamba ya siku mbili inaweza kuchumwa na mtu mwingine.

Kwa wafanyakazi tuna ombi la namna nyingine. Katika halmashauri, katika maji, barabara, umeme, afya na mabenki, wamo watu waliosoma Hisabati ya juu na kuifaulu. Wengine wameisahau, na hatuwalaumu. Lakini wengine wanaitumia kila siku wakipima mteremko wa mtaro au kukadiria saruji ya kalvati. Mwalimu mmoja wa somo anaweza kufundisha mada. Hawezi kusahihisha daftari za vidato vyote kila Jumamosi kwa namna ambayo kila mwanafunzi ataona hatua ipi ilimpoteza. Kazi hiyo ya kusahihisha, hatua kwa hatua, ndiyo inayokosekana, nayo haihitaji posho wala semina. Inahitaji mhandisi wa barabara akae saa mbili na vijana sita na kuwaambia, "Hapa umegeuza alama." Matawi ya vyama vya wafanyakazi wilayani yanaweza kuandika majina ya walio tayari, yakampelekea Afisa Elimu na wakuu wa shule, na zamu zikapangwa.

Julai ndipo kidato cha tano kinapofungua. Orodha hiyo yafaa iwe mezani kwa Afisa Elimu kabla ya siku hiyo.