Wahubiri, Vichekesho Havijawakosea

Juzi kwenye mazishi huku Khunyangu, Busia, mhubiri alisimama kando ya jeneza akatangaza kwamba filamu za vichekesho ni za wavivu, zinapoteza muda, na hazijawahi kumfunza mtu lolote. Waombolezaji wakaitikia amina. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Mhubiri huyo aonyeshwe Fargo, filamu ya 1996 ya Wamarekani Joel Coen na mdogo wake Ethan. Muuza magari mwenye shida ya pesa anawatuma wahuni wamteke mkewe mwenyewe, ili baba mkwe tajiri atoe fedha za kumkomboa. Wahuni anawadanganya kwamba fungu ni dola 80,000. Mkwe anamwambia milioni moja. Watu wanauawa mmoja baada ya mwingine. Mkoba wa pesa unafukiwa thelujini kando ya ua, na aliyeufukia anauawa kabla ya kuurudia. Anayefumbua kesi ni mkuu wa polisi, mwanamke mjamzito asiyeelewa kwa nini roho zote hizo zipotee kwa sababu ya hela.

Somo la ndugu hao ni hilo kila mara: mjinga mwenye tamaa anayejiona mjanja. Katika Burn After Reading ya 2008, wafanyakazi wa jimu wanaokota diski, wanadhani wamepata siri za serikali, wanakimbilia kuziuza. Katika Raising Arizona ya 1987, wanandoa wasio na mtoto wanaiba mmoja wa mapacha watano. Mpango, tamaa, maafa.

Hayo tutayaitaje mageni sisi wa mpakani? Busia na Malaba tunawajua waliouza shamba la urithi ili wapitishe sukari kwa njia za panya, wakanaswa na mzigo wao. Tunawajua waliotapeliwa dhahabu bandia. Wengi ni waumini wa viti vya mbele. Mahubiri wameyasikia tangu utotoni, na tamaa haikuwatoka.

Eti vichekesho vinapoteza muda! Mazishi yale yalikula kutwa nzima, na wanasiasa walishika kipaza sauti zaidi kuliko familia ya marehemu. Huo muda mbona hamkuulilia?

Kijana anayemcheka yule muuza magari amekwisha kuuona upumbavu wa pesa za haraka, tena bila kutishwa na jehanamu. Wazazi, waacheni watoto watazame. Nanyi wahubiri, tazameni kwanza ndipo mhukumu.