Nyumba Yetu: Ardhi Isiyobisha Hodi

Ganda la dunia tulilojengea nyumba zetu si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yasogeayo polepole. Magharibi mwa Uganda, katika Bonde la Ufa, mabamba mawili yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba hushikana, hukazika, kisha hukatika ghafula. Hilo ndilo tetemeko. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Toro tarehe 20 Machi 1966, wakafa watu zaidi ya 100.

Aghalabu kiuacho si ardhi, bali ukuta uangukao. Basi, askari uendaye zamu, kabla hujaondoka, kisogeze kitanda cha watoto mbali na kabati zito, uwafundishe na kujikinga chini ya meza imara. Ardhi haibishi hodi.