Tuache Oili Chafu Kwenye Vizimba

Mimi ni seremala Busia. Vizimba vya vifaranga ndivyo vinavyonilisha. Nawasihi mafundi wenzangu hadi Malaba: tusipake oili chafu ya injini ndani ya kizimba. Hufukuza mchwa, kweli, lakini ina sumu, na kifaranga hudonoa kila kitu. Tuepuke pia mtarakwa, kwani mvuke wa mafuta yake huwasha mapafu, na vipande vya nguzo kuukuu za stima, zilizolowekwa dawa kali. Mbao za mkaratusi au paini toka Uganda, zikikaushwa vyema, zinatosha. Paka vanishi isiyochanganywa na thina, kisha ngoja harufu iishe kabisa. Mteja akiharakisha, mweleze sababu. Anayelinda mifugo yake huanza na fundi mwaminifu.