Farasi wa Simu Hali Nyasi, Anakula Bonasi ya Chai

Wasee wa Nyamache, leo nitawakasirisha na ni sawa tu. Bonasi ya chai ikiingia, lazima kuna mtu atakutumia linki: nunua farasi wa kidijitali, mzalishe, uza watoto wake, lala tajiri. Mimi nasema hiyo si biashara ya mifugo. Hiyo ni foleni, na wa mwisho ndiye hulipia wote.

Kwanza tuelewane. Sina shida na gemu. Kama unacheza Howrse kwa sababu unapenda kulea farasi, cheza mpaka bando iishe. Na mimi pia natafuta riziki hapa hapa mtandaoni, so usiniite mzee anayeogopa simu. Shida yangu ni pale gemu inapobadilishwa jina ikaitwa uwekezaji.

Angalia ZED RUN, gemu ya mbio za farasi. Mwaka 2021, moto ukiwa umewaka, kuna farasi aliuzwa dola 125,000. Farasi huwezi kumpanda, huwezi kumkamua, huwezi hata kumfunga kwa mti. Bei yake ilisimama juu ya kitu kimoja: imani kwamba kuna mtu nyuma yako atamtaka kwa pesa zaidi.

Sasa fikiria kila mwenye farasi anazalisha. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, anataka nepia, anataka daktari, na shamba letu la huku lilivyogawanywa, hana hata mahali pa kugeukia. Hiyo shida ndiyo humpa ndama bei. Kwa simu, unalipa ada, unabonyeza, mtoto ametoka. Wanyama wanajaa, wanunuzi wanapungua, bei inaanguka. Haihitaji digrii hiyo.

Axie Infinity ilituonyesha sinema nzima. Ni gemu ya Sky Mavis, kampuni ya Vietnam, na kuanza ulihitaji vinyama vitatu. Ufilipino watu waliifanya kazi kabisa. Asiye na pesa alikodishiwa vinyama na mwenye navyo, kisha wakagawana mapato. Malipo yalikuja kwa tokeni inayoitwa SLP, na tokeni hiyo hiyo ndiyo ilitumika kuzalisha vinyama vipya. Julai 2021 SLP moja ilipita senti 30 za dola. Katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti moja. Juu ya hayo, Machi 2022 wezi waliingia kwa mtandao wake wa Ronin wakabeba zaidi ya dola milioni 600. FBI ilisema ni kundi la Korea Kaskazini. Yule kijana wa kukodisha alibaki anacheza saa zile zile kwa mshahara wa peremende.

Na usiniambie hayo ni ya mbali. Umesahau kware? Mwaka 2013 Kenya nzima ilijenga vizimba, watu wakatafuta leseni ya KWS, yai la kware likawa dawa ya kila ugonjwa. Kumbe wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya. Wapya walipoisha, 2014 bei ikaporomoka. Lakini angalau kware ulikaanga ukala na ugali.

Kuna wale wa "hata KRA ilitambua hizi mali". Ni kweli, 2023 ilikuja kodi ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali, na ikafutwa 2025. Lakini kamari nayo inatozwa kodi. Kutozwa kodi hakufanyi kitu kiwe salama.

Kwa hivyo ukitumiwa hiyo linki, uliza maswali matatu. Kama hakuna mtu mpya atakayejiunga kesho, nani atanunua farasi wangu? Kampuni ikibadilisha sheria au ikizima mitambo, nabaki na nini? Na wewe unayeniuzia, mbona unauza kama kesho atapanda bei?

Hiyo bonasi mama alichuma jani kwa jani, kwenye umande, kikapu mgongoni. Ukiitaka icheze, sema unaenda kucheza, na utumie ya bando tu. Ukisema unaenda kufuga, lete mnyama anayekula nyasi. Hapa Bobasi hakuna mzee atakayepokea mahari ya farasi walio kwenye simu yenye chaji asilimia 4.