Mkitumulika kwa bastola mnatulenga!

Kijana mwenzangu wa Unga Limited, Ngarenaro na Kijenge, ipo tochi ndogo inayofungwa chini ya mtutu wa bastola. Kigogo akiwa nayo anajiona kamanda!

Sasa fikiria. Saa nane za usiku anasikia kishindo nje ya geti lake Njiro. Anatoka, anawasha. Kumbe ni wewe, bodaboda imekuzimikia, unaisukuma kurudi kwako. Mwanga unakupiga kifuani. Mtutu nao unatazama wapi? Hapo hapo kifuani! Hajakuuliza hata jina, tayari kashakulenga. Kilichobaki ni kidole tu.

Na kidole hukosea. Oktoba 2010 huko Plano, Texas, Marekani, askari polisi alimuua mtu kwa risasi, akajieleza kwamba alikuwa akibonyeza swichi ya tochi ya bastola, swichi iliyokuwa chini kidogo tu ya kifyatulio. Huyo ni askari aliyefunzwa. Seuze mpambe wa mheshimiwa anayetoka baa!

Watasema tochi inasaidia kumtambua mtu kabla ya kupiga. Ni kweli kabisa. Februari 14, 2013, kule Pretoria, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo bila kumwona aliyekuwa ndani, akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Lakini kutambua ni kazi ya tochi ya mkononi, bastola ikiwa kiunoni. Ile ya kwenye mtutu iwashwe tu pale ambapo mwenye silaha ana haki kisheria kumwelekezea mtu bastola, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Kutafutia ufunguo? Kumulika wapita njia? Huo ni uhuni.

Arusha tunazijua risasi. Januari 5, 2011, polisi walipovunja maandamano ya CHADEMA mjini hapa, watu watatu walipoteza maisha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ipo tangu 2015. Basi serikali ya CCM inayotoa leseni iwapime waombaji gizani, si mezani!

Wewe ukimulikwa usikimbie. Simama, mikono ionekane, usiiguse simu mfukoni, taja jina lako kwa sauti. Kukicha nenda kituoni udai RB. Wakikukatalia, lete jina la kituo hapa gazetini.