Sehemu ya 4: Mzazi sio lazima apende nyimbo zako za kuabudu

Jamani wamama, leo naongea na wageni wanaokuja kumwona mtoto. Mtanikasirikia, poa tu.

Kuna tabia imeshika kasi huku mjini, Kariakoo, Gerezani, mpaka Ilala. Dada kajifungua, siku ya nne tu, yuko chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, joto hilo. Anaingia mpendwa na flashi mkononi. Anazima kwaya aliyokuwa anasikiliza mzazi, anachomeka zake. "Hizo hazina upako. Sikiliza hizi, utafunguka."

Nani kakwambia hazina upako? Wewe huzipendi. Sema huzipendi, wala sio dhambi.

Mwingine kakulia kwenye kanda za kaseti za Barabara ya 13 Ulyankulu, kule Tabora. Mama yake alizipiga akichambua mchele, kwa hiyo zile sauti ndiyo nyumbani kwake. Mwingine hatulii bila Joel Lwaga. Mwingine ni Rose Muhando, anataka kuruka (mwenye mshono wa upasuaji asiruke kwanza, naomba). Na bibi yuko kwenye kona anasema yote hayo disko, wimbo wa Mungu ni Tenzi za Rohoni. Bibi, shikamoo. Nyingi ya tenzi hizo zilitungwa Ulaya na Marekani, zikatafsiriwa. Kuna enzi zilikuwa ngeni hapa hapa. Zimekuwa zako kwa sababu uliimbiwa ukiwa mdogo.

Sasa kinachonipandisha hasira ni hiki. Mzazi analia. Siku za mwanzo homoni zimeshuka, usingizi hakuna, kulia kunawapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Nyie mnamwambia analia kwa sababu rohoni hayuko sawa, ona hata nyimbo anazosikiliza! Basi anajificha. Wiki ya tano bado analia, hali chakula, hataki hata kumshika mtoto, na kawasha nyimbo mlizomchagulia kutwa nzima ili muone anajitahidi. Huyo apelekwe kituo cha afya leo, sio wiki ijayo. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa na una matibabu.

Sisemi wimbo haufariji. Mie nikitoka zamu ya usiku namweka Angela Chibalonza masikioni kwenye daladala. Katutoka tangu 2007 na bado ananiliza. Lakini sijawahi kumwandikia mgonjwa Chibalonza mara tatu kwa siku.

Halafu hiyo sabufa. Chumba hatua nne, sabufa chini ya kitanda, kichanga juu yake, na nje honi za Msimbazi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anayesikiliza kwa kifaa chake asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Huna kipimo? Kama lazima upaze sauti mtu wa hatua moja akusikie, imezidi. Punguza, hata kama ni wimbo wa kuabudu. Sikio la mtoto halijui dini.

Ukienda kumwona mzazi wiki hii, beba mtori. Osha vyombo, mshike mtoto mama aoge. Ukitaka kuweka wimbo, muulize yeye anataka upi, na akisema anataka kimya, zima.

Sehemu ya 5 ni kitovu, na wale mnaokipaka mate. Mjiandae.