Sikio Lililopasuliwa Bado Lahitaji Mganga

Matibabu ya sikio hayaishi katika chumba cha upasuaji. Mwananchi wa Kisarawe au Kibaha aliyepasuliwa sikio Muhimbili aweza kurudi kwa daktari wake siku ile ile aonapo dalili mbaya. Ndugu yake wa Mafia, ambaye naye ni wa Mkoa huu wa Pwani, sharti kwanza apate chombo cha kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ndipo aanze safari ya barabara. Kwake yeye, mganga wa zahanati ya kisiwani ndiye anayeamua kama pana hatari au hapana.

Uamuzi huo si mwepesi. Sikio lililotoka kupasuliwa, hata likiwa salama, hutoa majimaji yenye damu kidogo, na husikia kwa shida kwa sababu limezibwa kwa dawa na kitambaa. Mgonjwa huambiwa avumilie, na mara nyingi ni haki aambiwe hivyo. Lakini zipo dalili zisizovumiliwa. Uso ukibaki umepinda baada ya dawa ya ganzi kwisha, yawezekana mshipa wa fahamu upitao sikioni umeumia. Kizunguzungu kikali kisichopungua chaweza kuonyesha kwamba sikio la ndani limedhurika. Maji maangavu yachuruzikayo sikioni au puani yaweza kuwa yanatoka penye ubongo. Homa, kichwa kuuma mno na shingo kukakamaa huashiria homa ya uti wa mgongo, nayo haingoji kesho.

Hata usikivu wapimika bila mitambo mikubwa. Uma wa chuma utoao mlio ukigusishwa katikati ya paji la uso, aliyezibwa sikio kwa kawaida husikia zaidi upande uliozibwa. Mlio ukihamia upande wa pili, hali kabla ya upasuaji haukuwa hivyo, pana sababu ya kuhofia sikio la ndani. Kifaa hicho hutoshea mfukoni.

Mwaka 2017 Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, tiba ambayo kabla ya hapo ilitafutwa nje ya nchi. Hiyo ni fahari ya Taifa. Lakini wenye vifaa hivyo wako katika hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo, na ndiyo sababu hupewa chanjo. Fahari hiyo yataka ulinzi.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa afya wa Mkoa na Wilaya mambo matatu. Kila mgonjwa atoke hospitali na karatasi ya Kiswahili ieleweshayo alichofanyiwa, hali ya uso na usikivu wake kabla ya upasuaji, dalili za hatari, na simu ya kupiga. Waganga wa Mafia, Kisarawe na Tumbi, Kibaha, wafundishwe vipimo hivi na wapewe vifaa. Tena mgonjwa wa kisiwani asivushwe kabla ya kukaguliwa mara ya kwanza.

Nanyi wananchi wa visiwani, msitie mafuta wala maji katika sikio lililopasuliwa, wala msidhani uso uliopinda ni kazi ya shetani. Nendeni zahanati siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.